CRB na alama zako za mkopo

Nchini Kenya, mtu akisema amewekwa CRB, watu humwonea huruma kana kwamba ametiwa kwenye orodha ya wahalifu. Ukweli ni kwamba karibu kila aliyekopa benki au kwa simu yumo humo, hata anayelipa vizuri. CRB ni kampuni zinazotunza taarifa za wakopaji kwa leseni ya Benki Kuu ya Kenya: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Wakopeshaji huzipelekea habari za mkopo wako: kiasi ulichochukua, unavyolipa, na deni lililobaki.

Kutokana na habari hizo hukokotolewa alama zako. Za Metropol huanzia 200 hadi 900, na zikiwa juu unaonekana mtu wa kukopesheka. Kukupa au kukunyima mkopo ni uamuzi wa mkopeshaji, si wa CRB. Asiyewahi kukopa naye hupata taabu, maana hakuna cha kumpimia.

Tuseme umekopa shilingi 3,000 kwenye simu, za kulipa baada ya siku 30. Ukichelewa kidogo kisha ukalipa, kuchelewa huko kunaweza kuonekana kwenye rekodi. Siku 90 zikipita tangu tarehe ya kulipa bila malipo, huo unahesabiwa kuwa mkopo chechefu na alama huporomoka. Kabla ya kukuripoti vibaya, mkopeshaji anatakiwa kukupa notisi ya siku 30. Tafadhali usiifute ukidhani ni vitisho tu. Huo ndio wakati wa kulipa, au kuomba upangiwe malipo upya.

Ukilipa baadaye, mkopo utasomeka umelipwa, lakini kumbukumbu kwamba uliwahi kuwa chechefu hubaki miaka 5 tangu ulipolipa. Cheti cha CRB, kile ambacho waajiri wengi hudai, huonyesha huna deni chechefu, hakifuti historia. Afueni ilikuja mwaka 2020, Benki Kuu ilipozuia watu kuripotiwa vibaya kwa madeni yasiyofika shilingi 1,000.

Una haki ya kupata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka, na ningependa kila mkopaji aitumie. Ukikuta deni ulilokwisha kulipa bado linasomeka, peleka pingamizi CRB pamoja na ujumbe wa M-Pesa au risiti ya benki, nao watamuuliza mkopeshaji. Kisha angalia na zile kampuni nyingine mbili, kwani kila moja ina rekodi yake.