Unyumbufu wa ubongo: jinsi mazoea na mawazo ya kila siku yanavyobadilika

Unyumbufu wa ubongo, ambao wataalamu huuita pia neuroplastisiti, ni uwezo wa ubongo kubadili muundo na utendaji wake kutokana na mambo ambayo mtu anayafanya, anayajifunza na kuyapitia. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zinazokadiriwa kufikia bilioni 86, na kila seli huwasiliana na maelfu ya nyingine kupitia viungio vidogo mno viitwavyo sinapsi. Seli mbili zinapofanya kazi pamoja mara kwa mara, sinapsi iliyo kati yake huimarika na ujumbe unaofuata hupita kwa wepesi zaidi. Sinapsi isiyotumika hudhoofika, na nyingine hupotea kabisa. Zaidi ya hayo, matawi ya seli huweza kuchipua au kupungua, na utando wa mafuta unaozifunika nyuzi za neva huweza kuongezeka katika njia zinazotumika sana, jambo linaloongeza kasi ya ujumbe. Hakuna hata badiliko moja kati ya hayo linalotokea kwa sababu tu mtu ametamani litokee. Yote hutokea kwa sababu jambo fulani limefanywa, likarudiwa, na likapewa umakini. Sehemu hii ya dhana huachwa mara nyingi inapoelezwa kwa haraka, ingawa ndiyo hasa inayomfaa mtu anayetaka kuacha zoea au kutuliza wazo linalomsumbua.

Kwa muda mrefu sayansi ilikuwa na msimamo unaokaribiana na ule wa wahenga wetu waliosema samaki mkunje angali mbichi. Santiago Ramón y Cajal, mtafiti wa Hispania aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906 kwa uchunguzi wake wa seli za neva, aliandika miaka michache baadaye kwamba njia za neva katika ubongo wa mtu mzima zimekwisha kukamilika na hazibadiliki tena. Wahenga na Cajal hawakukosea kabisa, kwa kuwa utotoni kuna vipindi ambapo mifumo ya kuona, kusikia na lugha hujengeka kwa urahisi usiorudi tena, na ndiyo maana mtoto huokota lugha mbili au tatu mtaani wakati mzazi wake anahangaika darasani na moja. Hata hivyo, mwaka 1949 mwanasaikolojia wa Kanada, Donald Hebb, alieleza namna ambayo kujifunza kunaweza kuimarisha miunganiko kati ya seli, na mwaka 1973 Timothy Bliss na Terje Lømo wakachapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa sungura, yakionyesha kwamba sinapsi zilizosisimuliwa kwa nguvu zilibaki zimeimarika kwa saa kadhaa baadaye.

Ushahidi unaojulikana zaidi kwa upande wa watu wazima ulipatikana kwa madereva wa teksi wa London. Ili kupata leseni, dereva hutakiwa kukariri takribani mitaa 25,000 iliyo katikati ya jiji hilo, pamoja na majengo na njia zinazoiunganisha, kazi ambayo kwa kawaida huchukua miaka mitatu hadi minne. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walionyesha kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu na utambuzi wa njia, ilikuwa kubwa zaidi kwa madereva hao kuliko kwa watu wengine. Swali lilibaki: je, kazi ndiyo iliyoukuza ubongo, au wenye ubongo wa namna hiyo ndio wanaovutiwa na kazi hiyo? Jibu lilikuja mwaka 2011, baada ya Maguire na Katherine Woollett kuwafuatilia wanafunzi 79 tangu walipoanza mafunzo. Wanafunzi 39 walifuzu, na ni katika kundi hilo tu ambapo eneo lile lilionekana kukua. Wale ambao hawakufuzu hawakuonyesha ongezeko hilo, ingawa mwanzoni ubongo wao haukuwa na tofauti na wa wenzao.

Kuna utafiti mwingine ambao kwangu una uzito zaidi kwa anayeshughulika na mazoea ya kawaida. Mwaka 2004 watafiti wa Ujerumani waliwafundisha watu wazima kurusha na kudaka mipira mitatu mfululizo bila kuiangusha. Baada ya miezi mitatu, picha za ubongo zilionyesha ongezeko la tishu katika maeneo yanayofuatilia vitu vinavyotembea. Kisha watu hao wakaambiwa waache mazoezi, na miezi mitatu baadaye ongezeko lile lilikuwa limepungua. Ubongo, kwa hiyo, haumpi mtu hati ya kumiliki ujuzi. Kinachodumu ni kile kinachoendelea kutumika.

Zoea ni aina mojawapo ya kujifunza, lakini lina njia yake mahususi. Ann Graybiel na wenzake katika chuo cha MIT nchini Marekani walirekodi kazi ya seli katika ganglia za msingi, yaani viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo, wakati panya wakijifunza kupita katika njia yenye umbo la herufi T kufuata chakula. Mwanzoni seli hizo zilifanya kazi muda wote wa safari. Panya walipozoea, kazi kubwa ilibaki mwanzoni mwa safari na mwishoni mwake, na sehemu ya kati ikatulia, kana kwamba safari nzima imekuwa kitendo kimoja kinachofunguliwa kwa ishara na kufungwa kwa malipo.

Mwangalie mtu anayeamshwa na kengele ya simu. Kabla hajaamua lolote, mkono umeshatoka nje ya chandarua, kengele imezimwa, na kidole kimeshafungua WhatsApp; dakika 20 baadaye bado amelala chali akisoma mabishano ya kundi la ukoo ambayo hata hayamhusu. Mtu huyo hujilaumu kwamba hana msimamo. Ukweli ni kwamba msimamo wake haukupata nafasi ya kuulizwa, kwa sababu ishara, yaani mlio wa kengele, na malipo, yaani habari mpya, vimewekwa katika kifaa kimoja kilichoko karibu na sikio lake. Kuapa usiku kwamba kesho hatafungua simu ni kuutegemea uamuzi ambao asubuhi hautashirikishwa. Akinunua saa ya kengele, akaiacha simu ikichajiwa sebuleni, na akaweka glasi ya maji mezani ili iwe kitendo cha kwanza baada ya kengele, atakuwa ameitenganisha ishara ya zamani na simu, na kuipa ishara hiyo kitendo kingine.

Ni muhimu kupatia ishara kitendo kingine, kwa sababu zoea la zamani halifutiki. Ivan Pavlov aliliona jambo hili kwa mbwa wake zaidi ya miaka 100 iliyopita: mbwa aliyeacha kudondokwa na mate kwa ishara isiyoleta tena chakula, alipopumzishwa kisha akapewa ishara ileile, mate yalirudi. Kuacha ni kujifunza kupya kunakokaa juu ya kujifunza kwa zamani, na kunafungamana sana na mahali na wakati. Wavutaji wengi wa sigara wanaofunga Ramadhani hukaa bila sigara kuanzia alfajiri hadi magharibi, tena wakiwa kazini, lakini kikombe cha chai baada ya futari kinapofika mkononi, hamu hurudi kwa nguvu zake zote. Mfano mkubwa zaidi ni wa wanajeshi wa Marekani waliokuwa Vietnam. Mtafiti Lee Robins aliyewafuatilia waliporudi nyumbani aligundua kwamba takribani mmoja kati ya watano alikuwa mraibu wa dawa za kulevya kama heroini alipokuwa vitani, lakini katika mwaka wa kwanza wa kurudi ni asilimia 5 hivi tu ya hao waliorudia uraibu. Sababu zilikuwa nyingi, nayo mazingira mapya yasiyo na ishara za zamani ni mojawapo. Anayerudia zoea baada ya kusafiri kwenda nyumbani kwa likizo, mahali ambapo zoea hilo lilizaliwa, hana haja ya kuamini kwamba juhudi zake zote zimepotea, kwa kuwa njia mpya bado ipo na inahitaji kufanyiwa mazoezi hata katika mahali pale pa zamani.

Kuhusu muda, kuna ahadi ya siku 21 inayouzwa sana katika semina na video za kuhamasisha, nayo inafaa kuachwa. Chimbuko lake ni daktari wa upasuaji wa sura wa Marekani, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuzoea sura zao mpya. Hakuwa amepima mazoea. Phillippa Lally na wenzake wa University College London ndio waliopima, wakiwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akiwa amechagua jambo moja dogo la kufanya kila siku baada ya tukio lilelile, kama kula tunda wakati wa chakula cha mchana. Kwa wale ambao takwimu zao zilionyesha mwelekeo ulio wazi, muda wa kati ulikuwa siku 66, na makadirio yalianzia siku 18 hadi siku 254. Kunywa maji kulizoeleka mapema kuliko kufanya mazoezi ya viungo. Jambo la kutia moyo ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Mtu anayehesabu siku 21 na kukata tamaa siku ya 22 ameonewa na ahadi ambayo haikuwa na msingi.

Mawazo nayo hufuata kanuni hiyohiyo, kwa sababu wazo linalojirudia ni kazi ya seli zilezile za neva. Simu isiyopokelewa kutoka nyumbani saa tano usiku, au ujumbe mfupi usemao "naomba unipigie", humfanya mtu mwenye wasiwasi afike moja kwa moja kwenye msiba. Moyo huenda mbio, tumbo hukaza, na mara nyingi yeye huahirisha kupiga hadi asubuhi ili asisikie habari hiyo. Kuahirisha huko humpa nafuu ya muda, na nafuu hiyo ndiyo malipo yanayoimarisha njia ya hofu, kwa kuwa ubongo haukupata nafasi ya kujua kwamba mama alitaka tu kuuliza kama mahindi yameshapokelewa.

Tiba ya utambuzi na tabia, iliyoanzishwa na Aaron Beck huko Philadelphia katika miaka ya 1960, imejengwa juu ya jambo hili. Mtu haambiwi awaze mema. Huombwa autambue utabiri wake, auandike kwa maneno yaliyo wazi, "nadhani kuna aliyefariki", kisha apige simu na alinganishe alichotabiri na alichoambiwa. Kujirudia kwa ulinganisho huo, katika hali nyingi tofauti, ndiko kunakoufundisha ubongo, na hapa ndipo kauli za kujipa moyo mbele ya kioo zinapopungukiwa, kwani hazigusi kamwe tukio lenyewe linaloamsha hofu. Mwaka 1992 Lewis Baxter na wenzake wa chuo kikuu cha UCLA nchini Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa waliosumbuliwa na mawazo na vitendo vya kujirudia wasivyoweza kuvizuia. Waliopata nafuu kwa tiba ya tabia pekee walionyesha kupungua kwa shughuli katika kiini kimojawapo cha ganglia za msingi, sawa na waliopata nafuu kwa dawa. Mtu mwenye hali nzito kama hiyo, au mwenye sonona au uraibu, anapaswa kufanya kazi hii pamoja na mtaalamu, kwa kuwa unyumbufu wa ubongo hauchagui upande: maumivu ya kudumu, uraibu na hofu iliyokomaa ni matunda ya uwezo uleule, na mazoezi yaliyopangwa vibaya huweza kuviimarisha.

Anayeanza peke yake na wasiwasi wa kawaida asitegemee kwamba wiki za kwanza moyo utaacha kwenda mbio anapoona simu ile. Mshtuko wa kwanza huanzishwa na njia ya zamani, ambayo ni ya haraka, na huendelea kuja kwa muda mrefu. Badiliko linaloweza kuonekana mapema ni urefu wa muda kati ya mshtuko na kupiga simu: mwanzoni ni hadi asubuhi, baadaye ni saa moja, kisha dakika chache. Muda huo ndio unaofaa kuandikwa katika daftari.