Blizzard of Ozz: yanayosemwa na yaliyotokea

Blizzard of Ozz, albamu ya kwanza ya mwimbaji Ozzy Osbourne baada ya kutoka kwenye bendi ya Black Sabbath, ilitoka Uingereza Septemba 1980, na Marekani ikaingia Machi 1981. Mashabiki wa roki wanaijua kwa moyo, lakini habari zake nyingi zinazozunguka zimepindwa, na wanaoumia zaidi ni wanamuziki walioitengeneza.

Dhana: Ozzy aliiacha Sabbath ili ajitegemee.

Alifukuzwa Aprili 1979. Pombe na dawa za kulevya zilikuwa zimemzidi, wenzake wakashindwa kufanya naye kazi. Watu huchanganya tukio hili na lile la mwishoni mwa 1977, alipojitoa kwa hiari yake kisha akarudi mwanzoni mwa 1978.

Dhana: Ni kazi ya mtu mmoja.

Hapa ndipo penye upotoshaji mkubwa. Blizzard of Ozz lilikusudiwa kuwa jina la bendi. Randy Rhoads, aliyetoka Quiet Riot ya Los Angeles, alipiga gitaa. Besi ilikuwa ya Bob Daisley, Mwaustralia aliyewahi kupigia Rainbow, na drams za Lee Kerslake, aliyetoka Uriah Heep. Don Airey alialikwa kupiga kinanda, utangulizi mzito wa wimbo "Mr. Crowley" ni wake. Walirekodi mwaka 1980 katika studio ya Ridge Farm, kusini mwa Uingereza, Max Norman akiwa fundi wa sauti.

Ozzy alibuni sauti za kuimbia, mara nyingi kwa kuvumisha tu bila maneno. Rhoads alitunga mipigo ya gitaa na mpangilio wa kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja), na Daisley akaandika karibu mashairi yote. Kwa hiyo maneno mengi ambayo watu huyanukuu kama falsafa ya Ozzy yalitoka kwenye kalamu ya mpiga besi. Kerslake alijiunga nyimbo nyingi zikiwa zimeshatungwa, ndiyo maana jina lake limo kwenye utunzi wa "No Bone Movies" pekee. Jalada lilipotoka, jina la Ozzy ndilo lililotawala, na baadaye Daisley na Kerslake wakaenda mahakamani kudai mirabaha.

Dhana: Solo (sehemu ya gitaa pekee) ya wimbo "Crazy Train" ni gitaa moja lililoongezewa mwangwi.

Rhoads aliipiga solo ile mara tatu, noti kwa noti. Moja imewekwa katikati, nyingine mbili zikasambazwa kushoto na kulia. Vaa hedifoni, kisha toa upande mmoja: gitaa halipotei, ila linapungua unene. Ugumu wake ni kwamba marudio yote lazima yalingane. Waya ukivutwa juu kidogo kuliko mara ya kwanza, noti mbili zinagombana. Ukichelewa hata kidogo, noti za kasi zinageuka uji. Wapiga gitaa wanaojaribu kuiga mlio huu kwa kifaa cha mwangwi hukosa kitu kimoja: tofauti ndogondogo za mkono, ambazo ndizo zinazoupa uhai.

Sikiliza pia mwanzo wa wimbo huo. Mpigo wa kwanza uko kwenye ufunguo wa F♯ maina, wenye huzuni, halafu ubeti unahamia A meja, wenye uchangamfu. Funguo hizi mbili zina noti zilezile, ila kituo kimebadilika. Ndiyo sababu wimbo unaanza na tishio na ghafla unachangamka bila kuonekana umeruka popote.

Dhana: Wimbo "Suicide Solution" unawahimiza watu kujiua.

Unaonya juu ya pombe inayomuua mtu polepole. Daisley alieleza kwamba aliuandika akimlenga Ozzy mwenyewe. Wazazi wa kijana mmoja wa California walifungua kesi baada ya mtoto wao kufariki, na mwaka 1988 mahakama ya rufaa ya jimbo hilo iliamua kwamba Ozzy na kampuni ya rekodi hawawezi kuwajibishwa.

Dhana: Rudy Sarzo na Tommy Aldridge ndio waliopiga besi na drams kwenye albamu hii.

Hapana. Picha zao zimo kwenye albamu ya pili, ambayo nayo ilirekodiwa na Daisley na Kerslake.

Dhana: Nakala zote ni sawa.

Kama unainunua leo, zingatia hili. Katika toleo la 2002, besi na drams za awali ziliondolewa na kupigwa upya na Robert Trujillo na Mike Bordin. Ni wapigaji hodari, lakini besi ya Daisley ilikuwa inajibizana na gitaa la Rhoads, na Rhoads alikufa kwa ajali ya ndege Machi 1982; majibizano yale hayawezi kurekodiwa upya. Toleo la 2011 lilirudisha sauti za awali. Wimbo wa nyongeza, "You Looking at Me, Looking at You", hausaidii kuzitofautisha kwa sababu umo katika matoleo yote mawili. Angalia mwaka, kisha soma orodha ya wanamuziki ndani ya kijitabu: ukikuta jina la Trujillo, irudishe rafuni utafute ya 1995 au ya 2011.