Geti la Reli Likishafungwa, Mwamuzi Anamlinda Nani?

Ninapowafundisha waamuzi wapya wa mbio za baiskeli, huanza na hukumu mbili za Paris–Roubaix, mbio za baiskeli za siku moja nchini Ufaransa. Kosa ni lile lile, kuvuka reli geti likiwa limefungwa, lakini hukumu zinatofautiana kama mbingu na ardhi.

Aprili 2006, Fabian Cancellara wa Uswisi alikuwa ametangulia peke yake. Nyuma yake Leif Hoste, Peter Van Petegem na Vladimir Gusev walikuta geti limeshuka, wakapenya. Tom Boonen na wenzake waliokuwa wakiwafukuza wakazuiwa na treni. Hoste alimaliza wa pili, wenzake wa tatu na wa nne. Waamuzi wakawaengua wote watatu. Boonen akapanda hadi nafasi ya pili, Alessandro Ballan ya tatu.

Wapo wanaosema hadi leo kwamba watatu wale walionewa. Sikubaliani nao. Walioheshimu geti walipoteza muda wao, na hawakuwa na mtu mwingine wa kuwatetea isipokuwa jopo la waamuzi.

Mwaka 2015 kundi kuu lilifika geti likiwa linashuka. Waliotangulia walipita kihalali. Wengine wakaendelea kupenya hata baada ya vyuma kushuka, huku askari wa pikipiki akijaribu kuwazuia. Sekunde chache baadaye treni ya mwendo kasi, TGV, ikapita. Shirika la reli la Ufaransa, SNCF, lilikasirika na kutaka wahusika washtakiwe. Hakuenguliwa hata mmoja. Walio mbele walipunguzwa mwendo, waliozuiwa wakawafikia, na John Degenkolb wa Ujerumani akashinda.

Sasa tazama kanuni za UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli. Aliyetangulia kwa zaidi ya sekunde 30 akazuiwa na geti hadi wanaomfukuza wakamfikia, mbio husimamishwa na kuanzishwa upya kwa tofauti ile ile ya muda. Akiwa ametangulia kwa chini ya hapo, hakuna fidia. Walio mbele wakipita kabla geti halijafungwa na wa nyuma wakazuiwa, hilo nalo ni tukio la kawaida la mbio, hakuna kinachofidiwa. Kuvuka geti likiwa limefungwa kumekatazwa kabisa, na adhabu yake ni kuenguliwa.

Kwa hiyo mwaka 2015 waamuzi waliwafidia watu ambao kanuni haiwapi fidia, wakawasamehe watu ambao kanuni inawaengua. Utetezi uliotolewa ni kwamba kundi lililo kasini haliwezi kusimama ghafla. Ni kweli kwa wale wa mbele kabisa. Waliokuwa nyuma zaidi waliona taa, wakaona chuma kinashuka, na wengine wao walifunga breki wakasimama. Namba za mgongoni zilionekana kwenye picha za televisheni. Ningesoma zile zinazosomeka na kuwaengua wenye namba hizo, hata kama wengine kumi wangeniponyoka kwa sababu kamera haikuwanasa.