Vichwa adimu vya treni vya Uingereza: yanayosemwa na yaliyotokea

Tarehe 11 Agosti 1968, shirika la reli la taifa la Uingereza, British Railways, liliendesha treni ya mwisho ya abiria ya mvuke kwenye njia zake kuu. Injini zilizokuwa zimebaki zikapelekwa kukatwa, na baadhi ya dizeli zilizoletwa kuzirithi zikazifuata huko huko. Zilizosalimika leo ziko kwenye makumbusho, au kwenye reli ndogo za urithi zinazoendeshwa na watu wa kujitolea. Zimezungukwa na hadithi nyingi tamu, na nyingi kati ya hizo hazina ukweli.

"Iliyobaki ndiyo iliyokuwa bora"

Ukiona injini moja imenusurika kati ya mamia, ni rahisi kuamini kwamba ilichaguliwa. Kwa injini nyingi za mvuke za Uingereza hakuna aliyechagua chochote. Zilibaki kwa sababu mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa na shughuli nyingine.

Mnunuzi huyo ni Dai Woodham, na yadi yake ilikuwa kando ya bandari ya Barry, kusini mwa Wales. Kuanzia 1959 alinunua injini 297 za mvuke kwa nia moja tu, kuzikata. Lakini wakati huo huo alikuwa akinunua pia mabehewa ya mizigo yaliyochakaa, tena kwa wingi mkubwa. Behewa halimsumbui fundi: linakatwa haraka, chuma kinapakiwa, pesa inaingia. Injini ina boila nene, mabomba chungu nzima, shaba na chuma vimechanganyika, kazi yake ni ya siku kadhaa. Basi Woodham akawaweka watu wake kwenye mabehewa, injini akaziacha ziwe akiba ya siku ambayo mabehewa yatakatika. Siku hiyo ikachelewa kufika. Miaka ikapita, injini zimepangwa mistari kwa mistari kwenye upepo wa chumvi, rangi imebanduka, vipuri vinachomolewa kimoja kimoja, na wapenzi wa reli wakaanza kuja na michango yao mkononi. Ya kwanza kuuzwa na kutoka ilikuwa namba 43924, Septemba 1968. Za mwisho zilitoka 1990. Kwa jumla ziliokolewa 213.

Sasa tazama matokeo yake. Barry ilikuwa karibu na reli za magharibi na kusini mwa nchi, kwa hiyo injini za huko ndizo zilizojaa yadini. Aina ya Merchant Navy zilitengenezwa 30, zimebaki 11, na 10 kati ya hizo zilipitia kwa Woodham. Za kampuni ya London and North Eastern, iliyokuwa upande wa mashariki, iliyookolewa Barry ni moja peke yake, namba 61264. Hata hiyo ilifika huko kwa bahati: ilikuwa imeondolewa kwenye safari za kawaida, ikawa inasimama mahali pamoja ikitoa mvuke tu. Matokeo yake, aina ya V2, injini 184 zilizobeba mizigo mizito ya nchi wakati wa vita, imebakiwa na moja, Green Arrow. Za aina ya Peppercorn A1 zilikuwa 49, zote mpya kabisa baada ya vita, na haikubaki hata moja. Anayesema hiyo ni hukumu ya ubora aeleze V2 zilikosa nini.

"Adimu ni ile iliyotengenezwa kwa uchache"

Injini zilizojengwa kwa ajili ya jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, aina ya Austerity yenye magurudumu manane ya kuvuta, zilikuwa 935. Ukiwa Uingereza miaka ya 1950 ungezichoka kuziona, kwani British Railways peke yake ilikuwa nazo 733. Zote 733 zilikatwa. Leo aina nzima ina injini moja, nayo nitairudia hapa chini kwa sababu kisa chake kina mengi.

Upande wa dizeli, Clayton ndiyo mfano wa kuchekesha, ingawa waliozilipia hawakucheka. Zilijengwa 117 kati ya 1962 na 1965. Kibanda cha dereva kiliwekwa katikati ili aone pande zote mbili, na mitambo miwili ya dizeli ikagawanywa mbele na nyuma. Mitambo hiyo ilikuwa ikiharibika mno, na kufikia mwisho wa 1971 aina yote ilikuwa imeondolewa kazini. Imebaki moja, D8568, kwa kuwa iliuzwa kwa wenye viwanda na mwishowe ikawa inavuta mabehewa ya kiwanda cha saruji huko Clitheroe.

Linganisha na dizeli za daraja la 14 (madaraja ni namba za aina za injini), ambazo wapenzi wake huziita Teddy Bear. Zilikuwa 56 tu, za 1964 na 1965. Kazi waliyozijengea, ya kukusanya mabehewa machache machache kwenye stesheni ndogo, ilikuwa inakufa wakati zinatoka karakanani Swindon. Mwaka 1969 shirika lilikuwa halina hata moja. Lakini migodi ya makaa na viwanda vya chuma vilizinunua kwa furaha, zikafanya kazi huko miaka mingi, na leo 19 zimehifadhiwa. Kwa hiyo 56 zimeacha 19, na 117 zimeacha moja. Kilichoamua ni nani alizinunua baada ya shirika kuzichoka.

"Serikali iliweka moja ya kila aina"

Haikuweka. Palikuwa na orodha rasmi ya injini za kuhifadhiwa, na orodha hiyo ilikuwa na mapengo makubwa. Flying Scotsman yenyewe, ambayo leo pengine ndiyo injini maarufu kuliko zote duniani, haikuwemo. Ilipostaafu 1963 ilinunuliwa na mtu binafsi, Alan Pegler, kwa pauni 3,000. Bila yeye, aina yake yote, A3, ingekuwa picha tu. Taifa lilikuja kuinunua mwaka 2004, na bei ikawa pauni milioni 2.3.

Kwa dizeli hali ilikuwa mbaya zaidi. Namba 10000, dizeli ya kwanza ya njia kuu nchini humo, iliyotoka karakana ya Derby mwishoni mwa 1947, ilikatwa 1968 bila mtu kuizuia. Daraja la 22 lilikuwa na injini 58 na halina iliyobaki. Dizeli za "Baby Deltic" zilikuwa kumi, zote zimekwenda. Imesalia injini yake moja ya ndani, na kundi la wapenzi linalijenga gari jipya kuizunguka kwa kutumia dizeli ya daraja la 37.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha dizeli za Metrovick za daraja la 28. Zilikuwa 20, za 1958 na 1959, na ukizihesabu magurudumu unadhani umekosea: upande mmoja ekseli tatu, upande wa pili mbili. Hakuna dizeli nyingine ya njia kuu Uingereza iliyopangwa hivyo. Mitambo yake ya Crossley ilitoa moshi na kuharibika mara kwa mara, na vioo vya mbele vilikuwa vikichomoka treni ikishika kasi, hadi vikabadilishwa umbo. Kufikia 1968 zote zilikuwa zimeondolewa. Ila D5705 ilichukuliwa na watafiti wa reli kuvuta treni la majaribio, na baada ya hapo ikafanywa mtambo wa kupashia mabehewa joto. Ilidumu kama jiko la stesheni, kwa maneno mengine, na jiko halimshughulishi mkataji wa chuma. D8233, ya pekee iliyobaki katika aina ya daraja la 15, ilinusurika kwa kazi hiyo hiyo ya kupasha joto. Zote mbili leo zimo mikononi mwa watu wa kujitolea.

"Kuna injini zimefichwa chini ya ardhi"

Huu ni uvumi wa zaidi ya nusu karne na hauchoki. Wanasema serikali, ikihofia vita vya nyuklia, iliingiza makumi ya injini za mvuke ndani ya mapango karibu na handaki la Box, katika jimbo la Wiltshire, ili siku mafuta yakikatika zitolewe.

Uvumi huu una mahali pa kusimama, ndiyo maana haufi. Machimbo ya mawe ya eneo la Box na Corsham kweli yaligeuzwa kuwa ghala kubwa la risasi na mabomu. Reli kweli iliingia humo ubavuni mwa handaki. Na kweli ilijengwa humo humo maficho ya serikali ya kutumika vita vikitokea, jambo ambalo halikutangazwa wazi hadi 2004. Mtu akijua hayo matatu, kuongeza injini ni hatua fupi. Lakini hakuna injini iliyowahi kuonekana humo, na wanaofuatilia kumbukumbu za injini moja moja, lini ilistaafu na ilikatwa yadi gani, hawajapata kundi lililopotea.

Sasa turudi kwa ile Austerity. Namba 79257 ilitengenezwa 1945 na kiwanda cha Vulcan, ikapelekwa Uholanzi, kisha ikauzwa Sweden. Waswidi wakaijengea kibanda kilichozibwa kwa ajili ya baridi, wakaitumia, kisha wakaiweka kwenye akiba yao ya dharura. Mwaka 1973 ilirudi Uingereza, kwenye reli ya Keighley and Worth Valley, na baadaye ikarudishiwa umbo lake la kwanza. Kumbe akiba ya siri ya injini za Kiingereza ilikuwepo, ila mwenye akiba alikuwa Mswidi.

"Ikishaingia makumbusho imepona"

North Star ya mwaka 1837 ilikuwa imehifadhiwa Swindon kwa miongo kadhaa. Mwaka 1906 wakuu wa karakana walihitaji nafasi, wakaikata pamoja na Lord of the Isles. Miaka 19 baadaye, kwenye sherehe za miaka 100 ya reli, wakajenga nakala yake, wakiingizia vipande vya asili vilivyopatikana. Hayo yanatosha.

"Iliyojengwa upya si injini halisi"

Hapa kuna ubishi wa kweli. Tornado, namba 60163, ilikamilika Darlington mwaka 2008 kwa gharama ya takriban pauni milioni 3, boila likitoka Meiningen, Ujerumani. Ni A1 ambayo haikuwahi kuwepo, na waliojenga wanaihesabu kuwa ya 50. Wengi huiita mwanasesere mkubwa. Mimi sioni hivyo, maana injini "za asili" nazo hazikuwahi kukaa na viungo vyao: karakana zilizoea kubadilishana maboila kati ya injini na injini, na Flying Scotsman iliwahi kutembea miaka mingi na boila la aina ya A4.

Duke of Gloucester, namba 71000, inakwenda mbali zaidi. Ilijengwa 1954 ikiwa ya pekee ya aina yake, baada ya injini nyingine kuharibika kwenye ajali kubwa ya Harrow ya 1952. Ilijulikana kwa kula makaa na kutotoa mvuke wa kutosha, ikastaafishwa 1962 ikiwa na miaka minane. Silinda yake ilichomolewa ikawekwa kwenye Makumbusho ya Sayansi London, mabaki yakaachwa Barry. Walioiokoa 1974 walikuwa wakiambiwa wanapoteza pesa. Walipokuwa wakiijenga upya waligundua kwamba milango ya hewa chini ya tanuri ilitengenezwa midogo kuliko michoro ilivyotaka, na bomba la moshi nalo halikufaa. Moto ulikuwa unakosa pumzi. Wakarekebisha, ikarudi kazini 1986, na ikapanda milima kwa nguvu ambayo shirika halikuwahi kuiona. Hii ya "kujengwa upya" ndiyo iliyofanya kazi kama mchoraji alivyokusudia.

"Zote ziko Uingereza"

Injini za aina ya A4 zilizobaki ni sita, pamoja na Mallard iliyofika maili 126 kwa saa mwaka 1938. Mbili ziko ng'ambo ya Atlantiki, moja Green Bay, Marekani, na nyingine karibu na Montreal, Kanada. Zilikopeshwa makumbusho ya reli ya York, Uingereza, mwaka 2012 kisha zikarudishwa. Injini saba za umeme za daraja la 77, za njia ya Manchester hadi Sheffield, ziliuzwa Uholanzi 1969, zikavuta abiria huko mpaka 1986. Zimebaki tatu, mojawapo bado Uholanzi.

Na zipo Garratt, injini ndefu zenye boila katikati na mitambo ya kuvuta miwili mbele na nyuma, kazi ya kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester. Kampuni za Uingereza zilikuwa nazo 33 za aina moja kwa treni za makaa, na moja kubwa zaidi ya upande wa mashariki. Zote zilikatwa. Ya reli ya upana wa kawaida iliyobaki nchini humo ni moja, William Francis, ambayo ilikuwa ya mgodi wa makaa na sasa iko kwenye makumbusho ya Bressingham.

Anayetaka kuona kazi kubwa ya kiwanda hicho aende Nairobi. Reli ya Afrika Mashariki iliagiza Garratt 34 za daraja la 59 kwa njia ya Mombasa. Zilikuja 1955 na 1956, kila moja na uzito wa tani kama 250, na zilikuwa na nguvu kuliko injini nyingine yoyote ya mvuke ya reli ya mita moja. Zote zilipewa majina ya milima. Zimebaki mbili, Mount Gelai na Mount Shengena, ziko Makumbusho ya Reli. Gelai ni ule wa kando ya Ziwa Natron, Shengena uko Upare. Mount Kenya na Mount Kilimanjaro zilikatwa.