Gegedu la goti hupimwa kwa kubonyezwa

Goti likianza kuuma, mtaani husemwa uteute umekauka, na mgonjwa hushauriwa ale bamia. Bamia ni mboga nzuri, ila humeng'enywa kama mboga nyingine na utelezi wake haufiki gotini. Tena goti linalougua mara nyingi huvimba kwa kujaa maji. Cha kuangaliwa zaidi ni gegedu, ule utando mweupe unaofunika ncha za mifupa pale inapokutana. Gotini unene wake ni kama milimita 2 hadi 4 tu. Halina mishipa ya damu wala ya fahamu, kwa hiyo laweza kuharibika miaka mingi bila mwenyewe kuhisi lolote. Eksirei nayo hailionyeshi; daktari hukadiria hali yake kwa kuangalia nafasi iliyobaki kati ya mifupa, na nafasi hiyo ikishapungua, uharibifu umeshakwenda mbali.

Kabla ya kukonda, gegedu hulainika. Kulainika huko ndiko tunakokutafuta maabara.

Mfupa wenye gegedu lake, aghalabu wa goti la ng'ombe kutoka machinjioni, hufungwa imara na kuzamishwa katika maji ya chumvi usikauke. Ncha ndogo ya chuma, yenye upana wa milimita chache au pungufu, hushushwa hadi iguse gegedu, kisha husukumwa kidogo sana, tuseme sehemu ya kumi ya unene. Mashine huandika kani na kina. Gegedu halibanduliwi mfupani, na pahali palepale paweza kupimwa tena.

Ncha ikishazama na kusimamishwa, kani haitulii. Hupanda ghafla, hushuka upesi, halafu huendelea kushuka taratibu, pengine kwa nusu saa au zaidi. Sababu ni maji, ambayo ni asilimia 65 hadi 80 ya uzito wa gegedu. Huvutwa na proteoglikani, molekuli zenye chaji hasi zilizonaswa ndani ya wavu wa nyuzi za kolajeni. Ukibonyeza kwa haraka, maji hayawahi kutoka, nayo ndiyo hubeba mzigo. Yakishajipenyeza pembeni, mzigo huuangukia wavu na proteoglikani zake. Mwaka 1980 Van C. Mow na wenzake waliuweka mwenendo huu katika nadharia inayolihesabu gegedu kuwa kigumu na kimiminika kwa pamoja. Likishatulia, gegedu lenye afya huwa na moduli, yaani kipimo cha ugumu wake, ya karibu megapaskali 0.5 hadi 1. Katika sekunde ya kwanza, hilohilo huonekana gumu mara kadhaa zaidi. Mtu akikutajia ugumu wa gegedu bila kutaja muda, bado hajakwambia kitu.

Unene nao hudanganya. Ukibonyeza embe mahali nyama ilipo nyembamba, kidole hukutana na kokwa mapema, ukadhani tunda ni bichi. Mfupa ulio chini ya gegedu hufanya vivyo hivyo. Hesabu ya kuondoa athari hiyo ilitolewa mwaka 1972 na W. C. Hayes na wenzake, lakini haifanyi kazi bila unene halisi wa pahali palipobonyezwa. Unene huo hupimwa kwa mawimbi ya sauti, au mwishoni kwa sindano inayochomwa hadi kani iruke inapogonga mfupa.

Miaka ya 1990 watafiti wa Kuopio, Finland, walitengeneza kifaa chembamba cha kubonyeza gegedu ndani ya goti la mgonjwa wakati wa upasuaji wa kamera. Naiona ni hatua kubwa, kwa kuwa kidole cha daktari peke yake hakitoi tarakimu. Lakini mkono wa daktari hauwezi kutulia nusu saa, kwa hiyo kifaa husoma mwitikio wa mara moja tu, ambao hutawaliwa zaidi na maji na nyuzi za kolajeni. Upungufu wa proteoglikani hujitokeza vizuri zaidi kani ikishatulia. Ndiyo maana tarakimu zake haziwekwi safu moja na zile za maabara.