Jogoo wa cheni za bodaboda

Wateja wangu hapa Mbeya wakishasikia bei ya sanamu za jogoo ninazounda kwa chuma chakavu hucheka: "Fundi, si umeokota tu hivi vyuma?" Sijaokota. Pale Mwanjelwa chuma chakavu hupimwa kwa kilo, na kwenye mzani huohuo nagombea na wanaopeleka mzigo Dar es Salaam kuyeyushwa. Wao wanatafuta uzito, mimi natafuta umbo. Sproketi ya pikipiki, lile gurudumu la meno linaloshika cheni, iliyolika meno tayari ni kilemba cha jogoo, ikikatwa nusu.

Mkia ndio kazi. Natumia cheni za bodaboda kwa sababu hujikunja kwa mstari mmoja tu, hazipindi ovyo. Nachora unyoya kwa chaki sakafuni, nalaza cheni juu ya mchoro, kisha nagusa kila pini kwa tone dogo la welding. Ikipoa haikunjuki tena. Lakini cheni iliyokula vumbi la barabarani imejaa grisi na mchanga. Ukiichomelea hivyo, welding inatoka na vitundu kama chapati ya maji, na haishiki. Kwa hiyo nailoweka kwenye dizeli, naisugua kwa brashi ya waya, naiosha kwa maji moto na sabuni ya unga, naianika ikauke kabisa.

Miguu natoa kwenye pleti za springi za gari. Chuma hicho kina kaboni nyingi, hakitaki haraka: kikichomelewa kikiwa baridi na kupoa ghafla, hupasuka pembeni mwa welding. Baridi ya Julai ndiyo usiseme. Nakipasha kwanza kwenye mkaa, na nikimaliza nakifukia kwenye majivu makavu kipoe taratibu.

Mabomba yenye zinki siyapendi. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, na welding inapita hapo mbali. Ukivuta ule moshi mweupe, jioni unatetemeka kama mwenye malaria. Nikilazimika, nakwangua zinki kwanza na kuchomelea nje, upepo ukiwa mgongoni.

Wengine husema nasafisha jiji. Hapana, chuma kina wanunuzi hata nisipokuwepo. Sifa hiyo wapewe Neema Crafts wa Iringa, wanaotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo na shanga kwa chupa zilizotupwa.

Katika bei ya jogoo, chuma ni sehemu ndogo. Kubwa ni kuosha na kusugua. Anayetaka punguzo alete cheni zilizokwishaoshwa, tutaelewana.