Siku Isiyo na Hata Sentensi Moja

Dhana: Mwandishi wa kweli huandika kutwa kucha.

Anayetolewa mfano mara nyingi hapa ni Anthony Trollope, Mwingereza aliyeandika riwaya 47 na huku, kwa miaka mingi, ni mfanyakazi wa posta. Kinachosahaulika ni ratiba yake: alikaa mezani saa 11:30 alfajiri, akaandika kwa saa tatu, basi, akaenda zake kazini. Charles Dickens, mwandishi mwingine wa Uingereza, naye aliweka kalamu chini mnamo saa 8 mchana, kisha akatoka kutembea masafa marefu. Na hao ndio tunaotishiwa nao!

Dhana: Usipoandika, kazi imesimama.

Hii ndiyo inayotutesa kuliko zote. Nimewahi kuhangaika na aya moja siku nne, nafuta neno, nalirudisha lilelile. Siku ya tano nikaiacha, nikaenda kuosha vyombo. Nikiwa na povu hadi viwikoni, sentensi ikaja yenyewe, nzima. Nikakimbilia kalamu mikono ikichuruzika maji. Karatasi ile ina doa mpaka leo. Sisemi masufuria ndiyo yaliyoitunga. Ilitokana na zile siku nne, ila ilikuwa inasubiri nitoke njiani.

Mswada nao hunufaika ukilazwa. Ukiurudia baada ya wiki tatu unausoma kana kwamba ni wa mtu mwingine, na hapo ndipo unapoona "kwa hiyo" tano kwenye ukurasa mmoja, na mhusika aliyeingia sebuleni na viatu akatoka peku. Usiku ule ulipokuwa unaandika huku macho yanafumba, yote hayo hukuyaona.

Dhana: Ukiruka siku moja, umepotea.

Kuandika kila siku kunamfaa anayefaana nako. Georges Simenon, mwandishi wa Ubelgiji, alikuwa akiimaliza riwaya kwa siku chache tu, sura moja kwa siku, kisha akapumzika kabla ya kuanza nyingine. Wengine ni wa Jumamosi kwa Jumamosi, na vitabu vyao vinakamilika.

Dhana: Wenzangu wote wanaandika, mimi peke yangu nimelala.

Watu hutangaza maneno waliyoandika leo. Sijamsikia anayetangaza kurasa alizofuta. Mimi wiki iliyopita nimefuta sita, na hadithi ikapata nafuu.